Pengo, Hati na Mfuatano: Riwaya Ambatani za The Elder Scrolls Zikisomwa Kutoka Makongeni

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kushughulikia matini zenye mipaka inayojulikana: riwaya moja, diwani moja, tamthilia moja. Hata pale mhakiki anapotazama mfululizo, kama ule wa Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla au ule wa Joram Kiango wa Ben Mtobwa, kila kitabu aghalabu husimama chenyewe, na msomaji hapotezi mengi akianza na cha tatu kabla ya cha kwanza. Yapo, hata hivyo, masimulizi ambayo ulimwengu wake mmoja wa kubuni hutungwa na watu wengi, kwa miaka mingi, na katika vyombo vya sanaa zaidi ya kimoja. Miongoni mwa hayo ni michezo ya video ya fantasia, ambayo baadhi yake hufuatwa na riwaya zinazoandikwa kwa idhini ya kampuni inayomiliki mchezo. Katika makala haya riwaya za aina hiyo zitaitwa riwaya ambatani.

Mara riwaya ambatani inapochapishwa, huzuka swali ambalo wapenzi wa michezo hulijadili kwa bidii kubwa: matukio yake yanaangukia wapi katika mfuatano wa wakati wa mfululizo mzima? Yametokea kabla ya mchezo upi na baada ya upi? Je, mchezo unaofuata unayatambua? Maswali haya huonekana kuwa ya mpenzi wa mchezo tu, yasiyomhusu mhakiki. Makala haya yanashikilia kwamba ni maswali ya kinadharia, na kwamba yanagusa jambo ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamekabiliana nalo kwa zaidi ya karne moja, yaani nani mwenye mamlaka ya kupanga wakati wa hadithi iliyosimuliwa na wengi.

Mfano mkuu utakaochunguzwa ni riwaya mbili za Greg Keyes, The Infernal City (2009) na Lord of Souls (2011), zinazofungamana na mfululizo wa The Elder Scrolls wa kampuni ya Bethesda. Mahali pa kuutazamia mfano huo ni Makongeni, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi ambao asili yake ni makazi ya wafanyakazi wa reli. Makongeni haikuchaguliwa kwa kuwa ni kitovu cha michezo ya fantasia. Katika vibanda vya michezo ya video vya mitaa ya Eastlands, ambako vijana hulipia mechi au muda, kandanda ndiyo inayotawala. Imechaguliwa kwa sababu kijana aliyelelewa katika mtaa kama huo hupokea mfululizo wa kigeni bila mpangilio: diski iliyotumika, nakala ya rafiki, toleo la mwisho kabla ya la kwanza, na riwaya zisimfikie kabisa. Upokezi wake unaufichua udhaifu wa dhana ya mfuatano rasmi kuliko upokezi wa mpenzi aliyenunua kila toleo siku lilipotoka.

2.0 Nyakati Tatu za Mfululizo

Wanaumbuji wa Kirusi walitofautisha mfululizo wa matukio kama yalivyotokea na mpangilio wa matukio hayo katika usimulizi. Gérard Genette aliipanua tofauti hiyo alipochambua urejeshi, uelekezaji mbele, kasi na idadi ya mara jambo linaposimuliwa. Zana hizi zinatosha kwa riwaya moja. Zinapopelekwa kwenye mfululizo wenye waandishi wengi hupungukiwa, kwa sababu humchukulia msimulizi kuwa mmoja mwenye kuujua mwisho tangu mwanzo.

Kwa ajili ya mfululizo inafaa kutenga nyakati tatu. Wa kwanza ni wakati wa ulimwengu wa kubuni, yaani tarehe ambazo wahusika wenyewe wangezitaja. Wa pili ni wakati wa utoaji, yaani mwaka ambao kila kazi ilifika sokoni. Wa tatu ni wakati wa upokezi, yaani utaratibu ambao msomaji au mchezaji fulani alikutana nazo. Mijadala kuhusu riwaya ambatani hushughulika na wakati wa kwanza, hutumia wakati wa pili kama ushahidi, na huusahau wa tatu.

Katika The Elder Scrolls nyakati mbili za mwanzo zilikwenda sambamba kwa muda mrefu. Michezo mitano mikuu ilitoka kwa utaratibu huu: Arena (1994), Daggerfall (1996), Morrowind (2002), Oblivion (2006) na Skyrim (2011). Kila mchezo mkuu ulisogeza mbele tarehe ya ulimwengu wake. Daggerfall huanza mwaka wa 405 wa Zama za Tatu, Morrowind hutokea mwaka wa 427, na Oblivion mwaka wa 433, ambao ndio mwisho wa zama hizo. Skyrim huruka hadi mwaka wa 201 wa Zama za Nne. Usambamba huo uliwafanya wapokezi waamini kwamba kilichotoka baadaye kilitokea baadaye. Mwaka 2014 ulipotoka mchezo wa kuchezwa kwa pamoja kwa njia ya intaneti, The Elder Scrolls Online, imani hiyo ilivunjika waziwazi, kwani matukio yake yamewekwa katika Zama za Pili, zaidi ya miaka mia saba kabla ya Oblivion. Tangu hapo hakuna anayeweza kusoma tarehe ya jalada na kudhani amesoma tarehe ya hadithi.

Riwaya za Keyes ziko katika mpaka wa mambo haya. Zilitoka baada ya Oblivion na kabla ya Skyrim, na matukio yake nayo yako baada ya Oblivion na kabla ya Skyrim. Kwa mtazamo wa haraka hakuna tatizo lolote la kujadiliwa. Tatizo hujitokeza pale mhakiki anapouliza ni kazi gani riwaya hizo zinafanya ndani ya pengo hilo.

3.0 Riwaya Ndani ya Pengo

Kati ya mwisho wa Oblivion na mwanzo wa Skyrim pana takribani miaka mia mbili. Oblivion hufunga kwa kifo cha Martin, wa mwisho katika ukoo wa Septim, na kiti cha enzi hubaki bila mrithi. Skyrim hufungua katika dola inayotawaliwa na Titus Mede wa Pili, dola iliyodhoofika na inayokabiliwa na uasi. Baina ya ncha hizi mbili ukoo mzima wa kifalme umeibuka, nchi nzima imeteketea na majimbo yamejitenga. Mchezaji anayetoka mchezo mmoja kwenda mwingine hupewa matokeo bila mchakato.

The Infernal City huwekwa miaka arobaini hivi baada ya Oblivion. Mji unaoelea angani, Umbriel, hupita juu ya nchi, na wote wanaokufa chini yake huinuka wakiwa jeshi la wafu. Msichana Annaïg na rafikiye Mere-Glim wa jamii ya Waargoniani hujikuta ndani ya mji huo. Mwanamfalme Attrebus, mwana wa mtawala Titus Mede, huanza safari ya kuukabili akiwa na Sul, Mdunmeri mwenye kisasi cha zamani. Lord of Souls humaliza mkasa huo.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni namna riwaya inavyomkwepa shujaa wa mchezo. Katika mchezo wa The Elder Scrolls shujaa hana jina moja, hana jinsia moja wala kabila moja. Mchezaji ndiye anayemuumba. Mwandishi wa riwaya akimtaja kwa undani atakuwa amewakana wachezaji wote waliomuumba vingine. Keyes anaiepuka hatari hiyo kwa kuruka kizazi kizima na kuwaweka mbele wahusika ambao hakuna mchezaji aliyewahi kuwadhibiti. Ina maana kwamba pengo la wakati ni sharti la kuwepo kwa riwaya yenyewe, kwa kuwa ndani ya muda wa mchezo riwaya ambatani ya aina hii haina pa kusimama. Hapa ndipo inapotofautiana na riwaya ya kawaida ya kihistoria, ambayo hujiingiza katikati ya matukio makuu na kumpa msomaji sura ya karibu ya watu wanaojulikana.

Jambo la pili ni uzito usio sawa wa sehemu za riwaya hizo katika mfululizo mzima. Mkasa wake mkuu ni ule wa Umbriel. Sul, kwa upande wake, anaubeba mkasa wa nyuma, unaosimuliwa kwa urejeshi. Katika Morrowind wachezaji waliona jiwe kubwa, Baar Dau, likining'inia juu ya mji wa Vivec kwa nguvu za mungu-mtu wa mji huo. Riwaya inaeleza yaliyofuata baada ya mungu huyo kutoweka: mtambo ulibuniwa wa kulizuia jiwe, ukiendeshwa kwa roho za watu, Sul, ambaye mpenzi wake alitolewa kafara kwa mtambo huo, alihusika katika kuvunjika kwake, jiwe likaanguka, mji ukaangamia, na Mlima Mwekundu ukalipuka na kuiteketeza nchi.

Skyrim ilipotoka Novemba 2011, mkasa huu wa nyuma ulikuwa umeshakuwa sehemu ya historia ya ulimwengu wake. Wadunmeri wakimbizi wanaishi katika mtaa duni wa Windhelm, na Mwaka Mwekundu, yaani mwaka wa mlipuko, hutajwa kama jambo linalojulikana na kila mtu. Nyongeza ya mchezo huo iitwayo Dragonborn (2012) inampeleka mchezaji katika kisiwa cha Solstheim, ambako majivu ya mlima huo yamefunika ardhi. Umbriel, mji ulioitisha dola nzima katika kurasa za riwaya mbili, haupewi nafasi yoyote ya maana.

Hali hii inastahili kutafakariwa. Kwa kawaida riwaya ambatani huhesabiwa kuwa tegemezi: mchezo ni mama, riwaya ni mtoto. Hapa riwaya ya mwaka 2009 imeupa mchezo wa mwaka 2011 tukio la msingi, na mchezo umelipokea. Lakini umelipokea kwa kuchagua. Lililochukuliwa ni lile lililoielezea nchi, na lililoachwa ni lile lililokuwa hadithi ya watu. Wakati wa ulimwengu wa kubuni umekula kiini cha riwaya na kuacha msuko wake. Annaïg, Mere-Glim na Attrebus wanabaki katika tarehe zao halali, hakuna anayewakanusha, wala hakuna anayewakumbuka.

Kwa hiyo kuuliza kama riwaya inaingia katika mfuatano wa wakati ni kuuliza swali pungufu. Riwaya za Keyes zinaingia bila mgongano. Swali lenye uzito zaidi ni hili: ni sehemu gani ya riwaya inayoruhusiwa kuwa na matokeo? Usahihi wa tarehe na uzito wa matukio ni mambo mawili tofauti, na jedwali la miaka huonyesha la kwanza huku likilificha la pili.

4.0 Wakati Uliovunjika

Mfululizo huu una mfano mwingine unaosaidia kuelewa mamlaka ya mwenye kupanga wakati. Daggerfall ya mwaka 1996 ilikuwa na miisho kadhaa inayopingana. Mchezaji angeweza kumkabidhi mtawala huyu au yule jitu kubwa la kivita la kale, na kila uamuzi ulizaa historia tofauti. Kampuni ilipoanza kutengeneza mchezo uliofuata ilibidi iamue ni mwisho upi uliotokea kweli.

Haikuamua. Katika vitabu vilivyomo ndani ya michezo ya baadaye inaelezwa kwamba mwaka wa 417 wa Zama za Tatu wakati wenyewe ulivurugika katika eneo la magharibi, na miisho yote ikatokea kwa pamoja. Watu wa eneo hilo wanasimulia mambo yasiyopatana kuhusu siku hizohizo, na wote wanasema kweli. Katika imani za ulimwengu huo mungu wa wakati ni joka, na mvurugiko kama huo hufahamika kama kuvunjika kwa joka.

Wapo wanaouona ufumbuzi huu kama ujanja wa kibiashara wa kutomuudhi mnunuzi yeyote. Hilo halina ubishi. Lakini kisanaa ufumbuzi huo una maana pana zaidi. Unakiri kwamba katika mfululizo wenye wapokezi wengi waliotenda, tukio moja la kweli haliwezi kuteuliwa bila kufuta uzoefu wa walio wengi. Hali kadhalika, unageuza mgongano wa matini kuwa maudhui. Michezo hii imejaa vitabu vidogo ambavyo mchezaji huviokota na kuvisoma, na waandishi wake wa kubuni hukanushana. Wasifu rasmi wa malkia Barenziah una mwenzake unaodai kueleza maisha yake halisi, na mchezaji huachiwa kupima. Mfululizo wenyewe, kwa hiyo, umewafunza wapokezi wake kutilia shaka kila msimulizi.

Mkinzano unaojitokeza ni huu. Ndani ya michezo, matini zinazopingana huvumiliwa na hata kutukuzwa. Nje ya michezo, riwaya inapochapishwa kwa nembo ya mfululizo, wapokezi walewale hudai jibu moja: ni rasmi au si rasmi? Vitabu vya ndani vinapewa haki ya kusema uongo. Riwaya ya nje hainyimwi haki hiyo tu, bali hulazimishwa kuwa hati ya ushahidi. Chanzo cha tofauti hii hakimo katika lugha wala msuko wa riwaya. Kimo katika umiliki. Ulimwengu wa The Elder Scrolls una mwenye hati, na kila kinachotoka kwa idhini yake husomwa kama tamko la mwenye hati.

Kwa msomaji wa Makongeni tofauti ya mwenye hati na mkaaji si ya kuelezwa sana. Mustakabali wa mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli umebishaniwa kwa miaka mingi baina ya wanaoshikilia umiliki wa ardhi na wale ambao maisha yao yalipita humo. Mmoja anajua tarehe za usajili, mwingine anajua nani alizaliwa nyumba ipi. Mfululizo wa masimulizi nao una pande hizi mbili. Ili kuona hali inavyokuwa pale upande wa kwanza unapokosekana, inafaa kutazama mfululizo wa Kiswahili uliotungwa na wengi bila mwenye hati yeyote.

5.0 Liyongo: Mfululizo Usio na Mwenye Hati

Masimulizi ya Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini ya Kenya yana sifa zote za mfululizo zilizokwisha kutajwa. Yana shujaa mwenye nguvu za ajabu, yana ulimwengu unaotambulika, na yametungwa na watu wengi katika tanzu mbalimbali. Kuna nyimbo na tumbuizo zinazonasibishwa na Liyongo mwenyewe, zilizohifadhiwa katika ngoma za gungu na katika miswada. Kuna takhmisi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyepanua beti zinazonasibishwa na Liyongo kwa kuzitangulizia mishororo yake. Kuna hadithi ya nathari iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Kuna utenzi wa Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Baadaye kuna tamthilia ya Emmanuel Mbogo, Fumo Liongo (2009), na muhtasari usiohesabika katika vitabu vya shule.

Kila mojawapo ya kazi hizo inalazimika kujibu swali lilelile la riwaya ambatani: inaangukia wapi? Nyimbo zimetangulia, lakini nyimbo hazina msuko. Zinajisifu, zinalalamika, zinaamuru, zinatamani. Mtu anayezisoma peke yake, kwa mfano katika mkusanyo wa Nyimbo za Liyongo uliotolewa na kundi la watafiti mwaka 2004, hukutana na sauti iliyo katika hali fulani bila kujua siku iliyotangulia wala siku iliyofuata. Kazi kubwa ya Kijumwa ilikuwa kuzipa sauti za aina hiyo mahali katika wakati. Liyongo aliyefungwa gerezani, kijakazi Saada anayetumwa, mkate wenye tupa ndani yake, ngoma inayofunika kelele za kukata pingu: hizi ni hatua za msuko zinazoufanya wimbo uwe na sababu ya kuimbwa saa ile na si nyingine.

Kwa lugha ya makala haya, Kijumwa aliandika ndani ya pengo. Lakini kuna tofauti kubwa baina yake na Keyes. Keyes alipewa pengo lililopimwa, lenye mwaka wa mwanzo na mwaka wa mwisho. Kijumwa hakupewa na yeyote. Aliliona kutokana na nyimbo zenyewe na masimulizi ya watu wake, na utenzi wake ulipoenea ndio uliowafanya wasomaji wa baadaye wazione nyimbo kama vipande vya hadithi moja. Katika mfululizo usio na mwenye hati, kazi ya baadaye huweza kuzipangia kazi za awali wakati wake.

Tokeo la pili la kukosekana kwa mwenye hati ni kudumu kwa tofauti. Muuaji wa Liyongo kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni ni mwanawe katika utenzi. Baadhi ya masimulizi humtaja mpwa. Hasimu wake ni mtawala wa Pate, au ndugu anayeshindana naye kwa ufalme. Hakuna joka lililovunjika kueleza tofauti hizi, na hakuna aliyehitaji moja. Ukoo wa muuaji hubadilika kwa sababu kila jamii ya wasimulizi ina hoja yake kuhusu urithi wa baba au wa mjomba. Tofauti zenyewe ni ushahidi wa mjadala wa kijamii, na kuzisawazisha ni kuufuta mjadala huo.

Hata hivyo uhakiki umejaribu kuzisawazisha. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu Liyongo imejishughulisha na kumtafutia tarehe, na makadirio yametofautiana kwa karne kadhaa. Ibrahim Noor Shariff aliuita mjadala huo kitendawili katika makala yake ya mwaka 1991. Si lengo hapa kuibeza kazi ya wanahistoria. Swali la kama Liyongo aliishi ni halali. Tatizo hutokea pale jibu la swali hilo linapogeuzwa kipimo cha matini, ili masimulizi yanayoafikiana na tarehe iliyoteuliwa yaitwe sahihi na mengine yaitwe upotoshaji. Hapo mhakiki anakalia kiti cha mwenye hati katika nyumba isiyo na hati. Anafanya kwa Liyongo kile ambacho mpenzi wa mchezo anafanya kwa riwaya ya Keyes, tena bila kisingizio cha mpenzi huyo, kwani nyuma ya Keyes ipo kampuni iliyotoa idhini na nyuma ya Kijumwa hakuna.

6.0 Msomaji wa Makongeni na Wakati wa Upokezi

Nyakati mbili za mwanzo zimekwisha kujadiliwa. Wakati wa tatu, wa upokezi, ndio unaowakutanisha Umbriel na Liyongo katika akili ya mtu mmoja.

Mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Kenya hukutana na Liyongo katika somo la fasihi simulizi, chini ya kichwa cha mighani. Anachopewa kwanza ni kifo: jitu, sindano, kitovu, kisima, watu wanaoogopa kuteka maji kwa kuwa maiti imepiga goti na upinde mkononi. Akiendelea na masomo huenda akausoma utenzi wote. Akifika chuo kikuu huenda akazisoma nyimbo. Utaratibu wake wa upokezi ni kinyume kabisa cha utaratibu wa utoaji: muhtasari, kisha utenzi, kisha nyimbo. Kwake nyimbo ni nyongeza inayorejesha nyuma, kama riwaya ambatani iliyoandikwa kueleza ujana wa mtu ambaye kifo chake tayari kinajulikana.

Kijana huyohuyo anapocheza Skyrim kwanza hupata mfano uleule. Anaingia Windhelm na kuwaona wakimbizi wa Kidunmeri kabla ya kujua walikotoka. Akiipata Morrowind baadaye, ataliona jiwe likining'inia juu ya mji huku akijua kwamba litaanguka. Mchezo ulioundwa mwaka 2002 bila ya kuanguka kwa jiwe kusimuliwa popote, kwake unakuwa tanzia yenye kejeli ya kidrama kuanzia hatua ya kwanza. Na akiipata riwaya ya Keyes mwisho, haitaziba pengo lolote. Itampa uso wa mtu mmoja katika maangamizi ambayo aliyajua kama habari ya umati. Sul, ambaye kwa msomaji wa mwaka 2009 alikuwa mleta habari, kwa msomaji huyu ni mfiwa.

Hali ya kulipia muda nayo ina mchango wake. Mchezo mrefu wa fantasia hauishi kwa saa moja. Anayeucheza katika mashine ya pamoja huendeleza safari iliyohifadhiwa na mwingine: shujaa aliyeumbwa na mtu asiyemjua, maamuzi yaliyokwisha kufanywa, maadui waliokwisha kuuawa. Anaanzia katikati ya wakati wa mwenzake. Wananadharia wa mwingilianomatini wamelieleza jambo hili kwa istilahi nzito, ilhali msikilizaji wa hadithi aliyefika akakuta msimulizi amekwisha kuanza analifahamu vizuri. Hakuna anayemwambia msikilizaji huyo kwamba ameisikia hadithi kimakosa.

Kwa mtazamo wa mfuatano rasmi msomaji wa Makongeni amechelewa, amekosea na amepungukiwa. Kwa mtazamo wa uhakiki wa upokezi anayo tajiriba kamili yenye kanuni zake. Riwaya ya kisasa ya Kiswahili yenyewe imempa zana za kuitetea tajiriba hiyo. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zinaudhoofisha mstari wa wakati kiasi kwamba swali la kipi kilitangulia hupoteza nguvu, ingawa wahakiki wengi huzisoma kazi hizo mbili kama pacha, ya pili ikiendeleza ya kwanza. Msomaji aliyefunzwa kuzikubali kazi hizo darasani hana sababu ya kuukataa upokezi wake mwenyewe akitoka nje.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba mahali pa riwaya ambatani katika mfuatano wa mfululizo hapapatikani kwa tarehe peke yake. Riwaya za Keyes zimo katika tarehe zao bila ubishi, na bado sehemu yake moja imeijenga upya nchi nzima ilhali nyingine imepita bila alama. Mfano wa Daggerfall umeonyesha kwamba mwenye hati anaweza kuziruhusu kweli nyingi akitaka. Mfano wa Liyongo umeonyesha kwamba pasipo mwenye hati kweli nyingi hudumu zenyewe, na kwamba mhakiki ndiye huwa hatari zaidi kwazo.

Yafuatayo yanapendekezwa kwa watafiti watakaoshughulikia masimulizi ya mfululizo, yawe ya mchezo, ya utenzi au ya picha. Kwanza, kila jedwali la wakati litajiwe mwenyewe, yaani ielezwe ni nani aliyelipanga na kwa mamlaka gani. Pili, itofautishwe kuingia kwa matini katika mfuatano na kuwa kwake na matokeo. Tatu, utaratibu wa upokezi uandikwe kama data. Mtafiti anayemuuliza kijana wa Eastlands kuhusu Skyrim, au mwanafunzi wa sekondari kuhusu Liyongo, aanze kwa kuuliza ni kipi walikutana nacho kwanza, na aliandike jibu lao kabla ya kuwasahihisha.

Hilo la tatu ndilo lenye dharura. Miswada ya Liyongo imehifadhiwa, na michezo ya Bethesda ina kampuni ya kuitunza. Utaratibu ambao wasomaji wa Makongeni walizipokea hadithi hizi hauna mtunzaji, na utapotea pamoja na kizazi kilichozipokea endapo idara za Kiswahili zitaendelea kuuhesabu kuwa makosa.